Sifa za Faili la Kompyuta kama Ushahidi wa Kihistoria: Kutoka CTSS hadi Zama za Flashi

Ikisiri

Kila faili lililomo katika kompyuta lina maudhui yake, na kando ya maudhui hayo lina sifa: jina, ukubwa, mmiliki, tarehe, ruhusa, na alama za kulizuia lisiandikwe au lisionekane. Makala haya yanafuatilia historia ya sifa hizo tangu mfumo wa CTSS wa mwaka 1961 hadi sheria za ushahidi wa kielektroniki zilizotungwa Afrika Mashariki kati ya mwaka 2009 na 2015. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya sifa za faili si za kuzaliwa nazo bali ni za kupewa: ziliandikwa na mfumo au na mtu kwa sababu mahususi ya wakati wake, na zinaweza kuandikwa upya. Kwa hiyo mtafiti, mtunza nyaraka au hakimu anayezisoma anapaswa kuuliza nani aliziandika na kwa njia gani, kabla ya kuuliza zinasema nini.

1.0 Utangulizi

Katika masjala ya ofisi ya serikali, jalada lina gamba na lina kurasa. Juu ya gamba huandikwa namba ya kumbukumbu, mada, tarehe ya kufunguliwa na, pale inapobidi, neno SIRI. Karani wa masjala hahitaji kusoma barua zilizomo ndani ili ajue jalada liwekwe rafu gani, limpitie nani, na nani asilione. Hata hivyo, mwanahistoria aliyezoea kufanya kazi katika nyumba za nyaraka anajua kwamba gamba liliandikwa kwa mkono mwingine, pengine siku nyingine, na kwamba gamba lililochakaa hubadilishwa bila kurasa za ndani kuguswa.

Faili la kompyuta nalo lina gamba la namna hiyo. Mtumiaji wa Windows hulisoma kwa kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua dirisha la sifa, au kwa kuandika amri za DIR na ATTRIB. Mtumiaji wa Linux huandika ls -l au stat. Kinachoonekana kwa njia hizo si faili lenyewe. Ni maelezo juu ya faili, yaliyohifadhiwa mahali pengine katika diski.

Neno la Kiswahili “sifa” linafaa sana kulieleza jambo hili, kwa kuwa lina maana mbili. Huweza kuwa hali iliyomo ndani ya kitu chenyewe, kama urefu au uzito. Na huweza kuwa yale yanayosemwa na wengine juu ya kitu hicho. Sifa za faili zimegawanyika katika pande hizo mbili. Ukubwa wa faili kwa baiti hutokana na maudhui, na maudhui yakiongezeka nao huongezeka. Lakini tarehe, umiliki, ruhusa na alama ya kufichwa ni mambo ambayo faili limepewa. Tofauti hiyo kati ya sifa ya kuzaliwa nayo na sifa ya kupewa ndiyo inayoongoza mjadala wa makala haya.

2.0 Mashine Moja, Watu Wengi: 1961–1974

Katika miaka ya 1950, kazi nyingi za kompyuta ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa. Mwenye kadi alijulikana kwa sababu alizibeba mwenyewe hadi kwenye chumba cha mashine na kuzichukua baadaye. Swali la umiliki lilijibiwa nje ya mashine, kwa macho na kwa mkono.

Hali hiyo ilibadilika pale watu wengi walipoanza kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha kwa mara ya kwanza mfumo wa CTSS uliogawa muda wa mashine baina ya watumiaji. Kazi za watu tofauti sasa zilikaa katika hifadhi moja, na mashine yenyewe ikalazimika kujua lipi ni la nani na nani anaruhusiwa kufanya nini. Katika CTSS, faili liliweza kuwekewa hali ya kuwa la muda, la kudumu, au la kusomwa tu. Hizo ni miongoni mwa sifa za kwanza za faili kwa maana inayofahamika leo, na zilizaliwa kutokana na ujirani: pasingekuwa na jirani, pasingekuwa na haja ya kuandika kwamba faili fulani lisiguswe.

Mwaka 1965, R. C. Daley na P. G. Neumann walichapisha makala kuhusu mfumo wa mafaili wa Multics, mrithi wa CTSS. Humo walipendekeza saraka zilizopangwa kwa ngazi, na kwa kila faili wakaweka orodha ya watumiaji pamoja na kile ambacho kila mmoja ameruhusiwa: kusoma, kutekeleza, kuandika, au kuongeza mwishoni. Waliviita vipengele hivyo sifa za matumizi. Jambo la msingi zaidi katika pendekezo lao ni kwamba mfumo haukutakiwa kujua chochote kuhusu muundo wa maudhui ya faili. Ulichotakiwa kukijua ni yale yaliyoandikwa juu yake katika saraka. Gamba na kurasa vikatenganishwa rasmi.

Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, walioanza kuunda Unix mwaka 1969, waliuendeleza utengano huo. Katika maelezo yao ya mwaka 1974, kila faili lina rekodi yake iitwayo inodi, yenye mmiliki, biti za ulinzi, mahali maudhui yalipo katika diski, ukubwa, wakati wa mabadiliko ya mwisho, na idadi ya majina yanayoelekea kwenye faili hilo. Wakati huo biti za ulinzi zilikuwa saba. Sita zilieleza ruhusa za kusoma, kuandika na kutekeleza kwa mmiliki na kwa watu wengine wote, na ya saba ilimpa mtekelezaji wa programu mamlaka ya mmiliki wa programu hiyo. Ngazi ya kundi iliongezwa baadaye, na ndipo zilipopatikana herufi tisa, rwx mara tatu, ambazo amri ya ls -l huzionyesha hadi leo.

Inodi haina jina la faili. Jina hukaa katika saraka, na faili moja laweza kuwa na majina mawili au zaidi, yote yakiwa halali. Hivyo sifa ambayo msomaji huiona kwanza na kuiamini zaidi, yaani jina, ndiyo iliyo mbali kuliko zote na faili lenyewe. Mtunza nyaraka anayeorodhesha mafaili kwa majina tu anaorodhesha vibandiko.

3.0 Baiti Moja ya Kompyuta Binafsi: 1974–1995

Kompyuta ndogo za miaka ya 1970 zilikuwa na mtumiaji mmoja na nafasi finyu. Mfumo wa CP/M, ulioundwa na Gary Kildall mwaka 1974, haukuwa na sababu ya kutunza orodha za umiliki. Toleo lake la pili, la mwaka 1979, liliongeza sifa mbili: ya kusomwa tu, na ya faili la mfumo lisiloonekana katika orodha ya kawaida. Pa kuziandika palipatikana kwa ubanifu. Herufi za kiendelezi cha jina zilihitaji biti saba kila moja, hivyo biti ya nane iliyobaki katika herufi hizo ikatumiwa kama alama.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, mfumo wa PC DOS wa Microsoft uliipa kila ingizo la saraka baiti 32, na moja kati ya hizo ikatengwa kwa ajili ya sifa. Mwanzoni alama zilizotumika zilikuwa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, na kazi yake ilikuwa kuyalinda mafaili mawili yaliyoiwasha mashine, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, yasifutwe kwa bahati mbaya. Toleo la pili, la mwaka 1983, liliongeza alama ya kusomwa tu, ya jina la diski, ya saraka, na ya hifadhi. Hii ya mwisho huwaka kila faili linapobadilishwa, ili programu ya nakala rudufu ijue ni yapi ya kunakili. Kila alama ilipewa thamani yake: 1 kwa kusomwa tu, 2 kwa kufichwa, 4 kwa mfumo, 8 kwa jina la diski, 16 kwa saraka na 32 kwa hifadhi. Faili lenye sifa ya 3, kwa mfano, limefichwa na halipaswi kuandikwa.

Kwa miaka kadhaa mtumiaji wa kawaida hakuwa na amri ya kuzibadili alama hizo. Amri ya ATTRIB ilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1984, ikiwa na uwezo mdogo. Uwezo wa kuweka na kuondoa alama za kufichwa na za mfumo uliongezwa katika toleo la 5.0 la mwaka 1991. Tarehe hizi zinaonyesha mpangilio wa mamlaka: sifa zilianza kama lugha ya mfumo kwa mfumo, na mtumiaji alikaribishwa baadaye.

Namna baiti hiyo ilivyotumika mwaka 1995 inathibitisha kwamba sifa ni makubaliano tu. Windows 95 ilihitaji kuhifadhi majina marefu katika saraka zilizotengewa herufi 8 na kiendelezi cha herufi 3. Waundaji wake waliyaandika majina hayo katika maingizo ya ziada yenye sifa ya 15, yaani la kusomwa tu, lililofichwa, la mfumo na jina la diski kwa pamoja. Muunganiko huo hauna maana kwa faili halisi, na kwa sababu hiyo programu za zamani ziliyapita maingizo hayo bila kuyagusa. Mfumo wa NTFS, uliotoka na Windows NT mwaka 1993, ulikwenda mbali zaidi kwa kulitafsiri faili zima kama mkusanyiko wa sifa, hata maudhui yake yakahesabiwa kuwa sifa mojawapo.

4.0 Kuficha: Kutoka Ulinzi hadi Maficho

Alama ya kufichwa haikubuniwa kwa ajili ya siri. Katika DOS ilikuwa uzio wa kumkinga mtumiaji dhidi ya makosa yake mwenyewe. Katika Unix haikuwa hata sifa. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ameeleza kwamba mafaili yenye nukta mwanzoni mwa jina yalianza kufichika kwa bahati: waandishi wa amri ya ls walitaka kuziruka saraka mbili maalumu zinazoandikwa kwa nukta, wakaandika njia ya mkato iliyoruka kila jina linaloanza na nukta.

Hata hivyo, kitu kisichoonekana hupata watumizi wengine. Mnamo Mei 2000, virusi vya ILOVEYOU vilivyoanzia Ufilipino vilisambaa duniani kwa barua pepe iliyobeba kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilizoea kutoonyesha viendelezi inavyovitambua, kwa hiyo wengi waliona TXT wakadhani ni matini tu. Vilipoingia, virusi hivyo viliharibu picha kwa kuandika juu yake, lakini mafaili ya muziki ya MP3 viliyawekea alama ya kufichwa na kuacha mahali pake nakala za virusi zenye majina kama hayo. Shambulio hilo liliegemea kile ambacho mtumiaji alikuwa amefichwa kwa nia njema.

Katika Afrika Mashariki na Kati, historia hii iliwafikia wengi kupitia flashi. Pale ambapo intaneti ilikuwa ghali au haikuwepo, kazi zilisafiri kwa flashi kutoka maabara ya chuo hadi duka la stesheneri, na kutoka hapo hadi ofisini. Aina kadhaa za virusi zilitumia njia hiyo. Ziliwekea folda za mwenye flashi alama za kufichwa na za mfumo, kisha zikaacha njia za mkato zenye majina yaleyale, ambazo zikibofywa huamsha virusi. Mwenye flashi aliona kazi yake imetoweka, na aliyeshauriwa kufomati alifuta kwa mkono wake mwenyewe tasnifu au hesabu za mwaka ambazo virusi havikuwa vimezigusa.

Dalili ilikuwa wazi kwa anayejua kusoma sifa: flashi inayoonekana tupu huku nafasi iliyotumika ikiwa ileile. Ukubwa, ulio sifa ya kuzaliwa nayo, ulikanusha kile ambacho sifa ya kupewa ilidai. Tiba nayo ilikuwa mstari mmoja, ATTRIB -H -S -R pamoja na /S /D, unaoziondoa alama hizo katika folda zote. Upotevu wa kazi katika hali hizi haukutokana na udhaifu wa diski. Ulitokana na kuchukua orodha inayoonekana kuwa ndiyo ukweli wa kilichomo.

5.0 Tarehe na Utata Wake

Kwa mwanahistoria, tarehe ndiyo sifa yenye mvuto zaidi, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Kila mfumo una mwanzo wake wa kuhesabu wakati. Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. NTFS huhesabu vipande vya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde tangu 1 Januari 1601. Mfumo wa FAT, uliorithiwa kutoka DOS, huanzia 1980 na huandika wakati wa mabadiliko kwa hatua za sekunde mbili mbili. Kompyuta ya zamani ambayo haikuambiwa tarehe iliyaandikia mafaili yake 1 Januari 1980, mwaka mmoja na zaidi kabla ya PC DOS yenyewe kutolewa. Tarehe kama hiyo haielezi lini faili liliandikwa. Inaeleza kwamba saa ya mashine haikuwekwa.

Utata wa pili hutokea katika kunakili. Windows inaponakili faili, nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa lakini hubaki na tarehe ya zamani ya kubadilishwa. Matokeo yake ni faili linaloonekana kubadilishwa kabla ya kuundwa. Asiyejua utaratibu huo aweza kushuku udanganyifu, ilhali ni alama ya kawaida ya kunakiliwa, na kwa mtafiti ni habari yenye thamani.

Utata wa tatu unauhusu ukanda huu moja kwa moja. FAT huandika wakati wa mahali mashine ilipo bila kutaja ukanda wa saa, wakati NTFS huandika wakati wa dunia na kuugeuza unapoonyeshwa. Bujumbura, Kigali na Goma zimo saa moja nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Ripoti iliyohifadhiwa Bujumbura saa 10:00 alasiri katika flashi ya FAT32 itasomeka Kampala kuwa ya saa 10:00. Ripoti hiyohiyo, ikiwa imehifadhiwa muda huohuo katika diski ya NTFS, itasomeka Kampala kuwa ya saa 11:00. Nakala mbili zitatofautiana kwa saa nzima na zote zitakuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni zake.

Tarehe ya kusomwa mara ya mwisho ni dhaifu kuliko zote. Ili kupunguza kazi ya diski, Windows Vista iliacha kuiandika kwa kawaida, na Linux tangu 2009 huiandika kwa masharti. Kutokuwepo kwa tarehe mpya ya kusomwa si uthibitisho kwamba faili halikusomwa.

6.0 Sifa za Faili Mahakamani na katika Nyaraka

Mwezi Februari 2005, polisi wa Wichita nchini Marekani walichunguza diski laini iliyotumwa na muuaji wa watu 10 aliyekuwa akitafutwa kwa miaka 30. Katika hati ya Word iliyokuwa imefutwa walikuta jina la kanisa na jina “Dennis” kama mtu wa mwisho kuihariri hati hiyo. Dennis Rader alikamatwa mwezi huohuo. Maelezo yaliyomnasa hayakuwa katika saraka ya diski bali ndani ya hati yenyewe, yaliyowekwa na programu ya kuandikia. Maelezo ya aina hii husafiri na faili popote linakonakiliwa. Yanafanana na desturi ya wanakili wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambao waliweza kutia jina na tarehe mwishoni mwa matini yenyewe. Sifa za saraka, kwa upande mwingine, ni za gamba: faili likihamia diski nyingine, gamba jipya huandikwa.

Sheria za ukanda huu zimeielekea tofauti hiyo kwa hatua. Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2009, iliingiza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinachodai hati ya uthibitisho inayoeleza namna rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa. Uganda, katika kifungu cha 8 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, na Tanzania, katika kifungu cha 18 cha sheria yake ya 2015, zinaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi izingatie uaminifu wa njia iliyotumika kuiunda na kuihifadhi rekodi, pamoja na namna uadilifu wake ulivyolindwa. Sheria hizi hazisemi kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye faili ni ya kweli. Zinauliza historia ya utunzaji wake.

Kwa nyumba za nyaraka, mafunzo ni ya kiutendaji. Sifa ziandikwe kabla ya faili kunakiliwa, kwa kuwa kunakili hubadili baadhi yake. Diski inayopokelewa isomwe kwa njia inayozuia kuandika, na nakala ya diski nzima itangulie nakala ya faili mojamoja. Kila faili likokotolewe kwa kanuni kama SHA-256, iliyotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2002. Tarakimu inayopatikana hutokana na maudhui pekee: herufi moja ikibadilika, nayo hubadilika, hata kama tarehe na jina vimebaki vilevile.

7.0 Hitimisho

Sifa za faili zilianza kwa watu waliolazimika kuishi katika hifadhi moja, zikafinywa hadi baiti moja katika kompyuta ya mtu mmoja, kisha zikatanuka tena. Katika kila hatua ziliandikwa ili kutimiza haja ya mfumo: kulinda, kupanga, kunakili, kuficha. Kuwa ushahidi wa kihistoria haikuwa miongoni mwa haja hizo, na matumizi yake leo katika utafiti na mahakamani ni jukumu waliloongezewa baadaye.

Hilo halizifanyi zisiwe na thamani. Gamba la jalada nalo halikuandikwa kwa ajili ya mwanahistoria, na bado humsaidia akijua taratibu za masjala iliyoliandika. Kumbukumbu za ofisi, vyuo na familia za ukanda huu tangu miaka ya 1990 zimo kwa wingi katika diski na flashi ambazo hazijaorodheshwa. Kila zinapofunguliwa na kunakiliwa ovyo, sehemu ya gamba lake huandikwa upya. Mafunzo ya kusoma sifa za faili yanastahili kuingizwa katika mitaala ya historia na ya utunzaji wa nyaraka sambamba na usomaji wa hati za kale, kabla ya diski hizo kuhamishwa.